Pipa la Nane

Siku hizo mkono wangu ulikuwa mwepesi. Neno moja la kunikera lilitosha, na kabla hujalimaliza ushaonja kofi. Watu wa kiwanja chetu cha mafundi karibu na Jogoo Road, Nairobi, walinijua hivyo, wakanivumilia kwa sababu kazi niliijua. Nilikuwa fundi wa kuchomelea chuma kwa gesi. Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea kuisha.

Benchi lililopakana na langu lilikuwa la shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo. Mkamba, mchonga vinyago tangu utotoni, akaongeza useremala kwa sababu twiga wa mbao hawaleti unga kila siku. Alikuwa mpole hadi anaudhi. Ukimtukana anakutazama tu, anangoja umalize. Walikaa mtaa wa Mbotela, chumba kimoja, na watoto watatu.

Kiwanja kilikuwa cha tajiri mmoja aliyekuwa pia na machimbo ya mawe upande wa Mukuru. Masika ya mwaka huo yalijaza shimo lake maji mpaka vibarua wakakosa pa kusimama. Akataka tumtengenezee chelezo: mapipa manane yafungwe kwenye fremu ya chuma, juu yake sakafu ya mbao, na juu ya mbao pampu ya dizeli ya kunyonya maji kutoka katikati ya shimo. Chuma changu, mbao za shemeji. Alituonya mapema, tumesimama mbele yake: "Ikizama, yule kazi yake ndiyo mbovu atatoa vitu vyake kwa kiwanja yangu siku hiyo hiyo." Kiwanja kingine hakikuwako. Ukitolewa pale unarudi kijijini, ama unaanza kusukuma mkokoteni.

Sasa, mapipa yale yalikuwa ya petroli. Pipa la petroli hata likiwa tupu lina mvuke ndani, na mvuke ukikutana na moto, umekwisha. Nilishaona. Fundi mmoja pale kiwanjani alichomelea pipa kavu asubuhi moja, na mfuniko ukaruka ukamtoa taya. Tulimkusanyia meno kwenye kofia yake, yeye bado yu hai anatutazama. Tangu siku hiyo sikuligusa pipa kwa moto kabla ya kuliosha kwa sabuni ya unga, halafu nalijaza maji hayo hayo ya sabuni karibu pomoni ili mvuke ukose pa kukaa. Nafunga kizibo, naliviringisha mahali pake chini ya fremu, nachomelea. Nikimaliza nafungua, namwaga, nafunga tena. Kazi hiyo niliifanyia ukingoni mwa machimbo, pipa baada ya pipa.

Nikiwa kwenye la nane tajiri akaja, akaanza kunitukania mama eti nimechelewa. Mimi si mtu wa kutukaniwa mama. Tukarushiana matusi nusu saa nzima. Kibarua mmoja alicheka, tajiri akamzaba kofi lililomwangusha kwenye matope. Alipoondoka nilirudi kazini nikingali namtukana kimoyomoyo, nikachomelea kilichobaki, nikafunga vyombo vyangu nikaenda.

Kesho yake vibarua ishirini walikisukuma chelezo juu ya magogo hadi majini. Walilalamika kwamba ni kizito. Nikawaambia wale ugali waache maneno. Kikaelea, lakini nyuma kilikaa chini, hasa kona ya kushoto, maji yakilamba mbao, na mbele kimeinua pua. Tajiri alikuwa juu ukingoni. Alitema mate, akasema anaenda mjini, na akirudi baada ya chakula cha mchana apate jibu: ni chuma ama ni mbao. Vibarua wakaenda kula. Tukabaki wawili.

Kwanza tulisogeza pampu mbele. Nyuma ikainuka kidogo tu. Tukaondoa sanduku la vifaa, tukaondoa mtungi wa dizeli. Bado. Nikasema ni mbao, amezipanga nene upande wa nyuma. Akanipimia kwa vidole, moja moja, zote unene ule ule. Nikasema basi zimenyonya maji.

"Shemeji," akasema, "mbao inaelea. Gonga hizo mapipa kwanza."

Maneno ya kawaida kabisa. Lakini aliyasema kwa ule upole wake, na mimi nikasikia: wewe ndiye utakayetoa vitu kiwanjani.

"Unanifundisha pipa?"

"Sikufundishi. Gonga tu."

Akainama achukue spana agonge mwenyewe. Palikuwa na kipande cha nondo, chuma cha kujengea, karibu na mguu wangu. Nilikiokota nikamchapa. Nililenga bega. Yeye akainua mkono wa kulia kujikinga, na nondo ikatua juu ya vidole. Nilisikia mifupa. Hakupiga kelele. Alikaa chini juu ya mbao zake, mdomo wazi, na mimi nikampiga teke la mbavu kwa sababu alikuwa kimya. Sitaficha: nilitaka alie.

Halafu nikaichukua ile spana, nigonge mapipa nimwaibishe. La kwanza likalia kama kengele. La pili, la tatu, hadi la saba, yote yakalia. La nane, kona ya nyuma kushoto, likatoa sauti nzito, kama nimegonga gunia la mchanga.

Nikadhani limetoboka. Nilivuta kamba peke yangu mpaka nyuma ya chelezo ikakwama kwenye mwamba, maji yakifika magotini, nikafungua kizibo nikatia mkono. Maji yaliteleza vidoleni. Nikanusa. Sabuni na petroli. Maji ya machimbo hayana sabuni. Yalikuwa maji yangu, niliyoyajaza mwenyewe nikayafungia ndani, nikayasahau nikitukanana na mtu.

Nilitumbukiza mpira wa pampu kwenye pipa, nikawasha injini. Povu jeupe likamwagika juu ya maji ya kijivu, likatanda. Shemeji aliliangalia povu, kisha akaniangalia mimi. Alikuwa ameniona nikiosha mapipa miaka mitano, hakuhitaji kuelezwa. Nikafunga kizibo, nikaiburuta pampu mahali pake, nikakisukuma chelezo, nacho kikakaa sawa majini.

Tajiri akarudi. "Ilikuwa nini?"

"Mbao," nikasema. "Alizipanga vibaya. Nimezipanga upya."

Tajiri alimwambia shemeji atoe benchi lake kabla ya jioni, ndipo akauona mkono uliovimba, akauliza. Shemeji mwenyewe akajibu, "Kamba imenibana." Nilitembea naye hadi hospitali. Daktari akasema vidole vitatu havitakunjika tena. Maana yake patasi haitashikika.

Siku mbili sikulala vizuri wala sikula. Siku ya tatu nilimwendea tajiri nikamwambia ukweli. Alicheka. Alisema pampu inafanya kazi, maseremala wamejaa Nairobi nzima, lakini wa kumchomelea mapipa bila kujilipua ni mimi. Alikataa kunifukuza, na habari za shemeji hakutaka kuzisikia tena. Nilitoka pale nikiwa bado na nafasi yangu kiwanjani, na nilitamani ningekuwa nimefukuzwa.

Nikaenda Mbotela moja kwa moja. Dada alikuwa mlangoni anatwanga mahindi ya muthokoi, chakula cha kwao mumewe, alichojifunza baada ya kuolewa. Aliponiona alinishika mikono miwili.

"Asante, kaka," akasema. "Ameniambia ulivyomfikisha hospitali. Bila wewe sijui."

Shemeji alikuwa ameketi kitandani, mkono umefungwa plasta, watoto wamemzunguka. Nilisimama katikati ya chumba nikasema yote. Nondo. Teke. Povu. Mbao.

Dada aliwaambia watoto watoke nje. Aliingiza mchi ndani, akavuta kigoda kwa mguu akakiweka mbele yangu.

"Weka mkono hapo," akasema. "Wa kulia."

Nilipiga magoti nikauweka, kiganja chini, vidole vimetandazwa. Akauinua mchi kwa mikono miwili hadi juu ya kichwa. Sikuurudisha mkono wangu, kwa sababu niliutaka ule mchi ushuke, wallahi, nilitaka tulingane.

Shemeji akasema kutoka kitandani, kwa sauti yake ile ile:

"Wacha, mama watoto. Huo mkono ndio utatulisha."

Dada aliushusha mchi polepole kando ya kigoda. Kisha akatoka nao, nikamsikia anaanza kutwanga tena.