Vitumbula Bila Mafuta

Nilipoolewa nilijua kukausha samaki, kusonga ugali wa muhogo na kutwanga sombe la majani ya muhogo, basi. Nilizaliwa Lokandu, ukingoni mwa Lualaba, na kwetu chakula kilitoka mtoni au shambani. Mume wangu alikuwa karani katika stesheni ya Kindu, pale ambapo reli ya kutoka kusini inaishia na abiria wanashuka kwenda kupanda meli. Wabelgiji ndio waliokuwa watawala wakati ule, na stesheni ilikuwa na mlango wa Wazungu na mlango wetu. Penye mlango wetu, chini ya kibanda cha bati, mama mkwe wangu alikaanga vitumbula.

Alikuwa mjane, na mume wangu ndiye mtoto wake pekee. Alikoroga unga wa ngano wa dukani na sukari na hamira, akauacha uumuke, kisha akauchota kwa vidole vitatu na kuudondosha katika mawese yaliyochemka. Vitumbula vilijigeuza vyenyewe, vikatoka vyekundu, ganda gumu, ndani laini kama pamba. Abiria waliotoka Kongolo walishuka kwenye behewa wakiuliza, "Yule mama iko?" Hawakuuliza choo wala maji. Waliuliza yule mama.

Naye alivipenda kuliko wao wote. Kila asubuhi, kabla hajamuuzia mtu, alikula vitano vya kwanza pamoja na kikombe cha chai chenye sukari hadi kijiko kikasimama. Mchana alikunywa limonadi ya chupa kutoka duka la Mgiriki. Alikuwa mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya mto, na mimi nilimwogopa. Hakunitendea vibaya. Ila hakuniruhusu kugusa karai lake.

"Kaa pale, mukaza mwana," aliniambia. "Haya mafuta hayajakuzoea."

Kwa hiyo niliosha vyombo na kuchota maji, nikatazama.

Siku moja mwanzoni mwa kiangazi, treni ilichelewa na watu wakasongamana kwenye kibanda. Mtu mmoja akasukumwa, akalipiga karai kwa goti. Mafuta yakaruka, yakamwagikia mguu wa kushoto wa mama mkwe, juu ya vidole. Alipiga ukelele mmoja tu. Kisha akafunga mguu kwa kitambaa, akaendelea kukaanga hadi unga ukaisha.

Tulidhani kidonda kitapona baada ya wiki mbili. Hakikupona. Alikipaka asali, alikipaka majani aliyoyajua yeye, alikifunika, alikiacha wazi. Mwezi ukapita. Kidonda kikawa kinapanuka, na usiku nilimsikia akinyanyuka mara kwa mara kunywa maji. Ndipo mume wangu alipomwambia, "Mama, kesho tunaenda hospitali, hata kama nitakubeba mugongoni."

Upande wetu wa hospitali ulikuwa jengo refu lenye madawati. Daktari alikuwa Mbelgiji, na aliyetufasiria maneno yake alikuwa muuguzi mtu mzima, mwenyeji wa Tunda, mpole sana. Walichukua mkojo wa mama mkwe, wakauchemsha na dawa katika kichupa, ukageuka rangi ya tofali. Daktari akasema maneno mengi. Muuguzi akavuta kiti karibu na mama mkwe.

"Mama, uko na ugonjwa ya sukari. Kidonda hakiponi kwa sababu ya ile. Munganga anasema sukari, limonadi, vitumbula, yote wacha. Mafuta, kidogo sana. Kama kidonda kinapanda juu, watakata muguu."

Mama mkwe akamtazama daktari, si muuguzi. "Mwambie," alisema, "mimi njo ninapika vile vitumbula. Nisipoonja, nitajua namna gani kama viko vizuri?"

Muuguzi hakufasiri. Aliinamisha kichwa tu.

Tulirudi nyumbani. Siku iliyofuata mama mkwe alikwenda stesheni akichechemea, akakaanga kama kawaida. Sikumwona akila. Nikamshukuru Mungu moyoni. Lakini Ijumaa, nilipokuwa nafua nguo zake, nikakuta doa la mawese kwenye pindo la kitenge, na ndani ya fundo makombo ya vitumbula. Nilikaa nimeshika kile kitenge muda mrefu. Nilimwonea huruma kuliko nilivyokasirika. Mwanamke mzima, ambaye mji mzima ulimjua kwa mikono yake, alikuwa anakula kwa kujificha kama mwizi katika jiko lake mwenyewe.

Sikumsema. Sikumwambia hata mume wangu. Niliamua kumtengenezea kitumbula anachoweza kula.

Niliamua hivyo kana kwamba nilijua kupika. Cha kwanza nilikifanya kwa unga wa muhogo, nikakichoma juu ya makaa. Mume wangu alikiuma, akakitoa mdomoni na kukiangalia. "Hii tutajengea nyumba," alisema. Cha pili nilikifanya kwa boga lililopondwa, nikakifunga katika majani na kukipika kwa mvuke. Hicho nilimpelekea mama mkwe mwenyewe. Alilifungua jani, akakibonyeza kwa kidole, kidole kikazama.

"Hii njo nini? Matope ya Lualaba?"

"Ni kitumbula, Mama."

"Mutoto wangu," alisema, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita hivyo, "usitukane vitumbula." Akanirudishia sahani. Lakini nilimwona anatabasamu, na lile tabasamu lilinitosha kuendelea.

Kindu haikosi mchele. Watu waliokuja zamani kutoka pwani waliuleta, ukapenda udongo wa huku. Niliwahi kuona jirani akioka mkate wa mchele katika chungu, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Nikaloweka mchele, nikautwanga, nikauchekecha. Nikakaanga karanga kavu bila mafuta, nikazitwanga nazo. Badala ya sukari nikaponda ndizi moja ndogo iliyoiva sana, moja tu kwa unga wote, pamoja na tangawizi. Nilikuwa na vyungu vidogo vinne vya kitoweo. Nikavipaka mafuta kwa kipande cha jani, kiasi cha kung'aa tu.

Kilichobaki ni cha kuumulia. Hamira ya dukani ilikuwa imekwisha, na Mgiriki alisema itakuja na meli. Kwetu Lokandu, mama yangu aliumulia unga wa mahindi kwa malafu, yaani pombe ya mchikichi. Jirani mmoja alikuwa anagema. Nikaomba kikombe kimoja, nikamimina.

Nilikuwa na miezi minane tu tangu nisilimu, kwa ajili ya ndoa. Nilijua kwamba pombe hainywewi. Nilijiambia kwamba hii hainywewi, inaokwa, moto utaimaliza. Ndivyo nilivyojiambia, lakini nilimimina nikiwa nimeupa mlango mgongo.

Vikaumuka. Nilipofunua kifuniko vilikuwa vimejaa chungu, juu vimepasuka kidogo, rangi ya udongo mkavu, na harufu ya karanga ikajaa ua. Nilimpelekea mama mkwe kimoja kikiwa moto. Alikichukua kwa mashaka, akakimega, akatazama vitundu vya ndani. Akala. Akamega tena. Alipokimaliza alifumba macho, na nikaona chozi likishuka.

"Iko namna ile mama yangu alipika," alisema. "Kabla ya unga ya Wazungu. Nilisahau." Kisha akauliza kile nilichokuwa nakiogopa. "Hamira umetoa wapi?"

Ningeweza kusema dukani. Neno lilikuwa mdomoni. Nilisema tu, "Nilipata, Mama," nikaondoka na sahani.

Alasiri aliketi kwenye kigoda uani kutawadha. Nilimwona akiosha mikono, uso, kisha mguu mzima, na alipofika kwenye mguu wenye kidonda akapitisha mkono wenye maji polepole juu ya kitambaa, kwa uangalifu, kama mtu anayempapasa mtoto mchanga. Nilishindwa. Niliweka chini ndoo niliyokuwa nimeishika, nikaenda nikapiga magoti mbele yake.

"Mama, nilitia malafu."

Hakuelewa mara moja. "Wapi?"

"Ndani ya kitumbula. Nisamehe. Nilifikiri moto utaondoa."

Hakupiga kelele, na ningefurahi kama angepiga. Alichukua maji, akasukutua mara tatu, akatema, akaanza kutawadha upya tangu mwanzo. Mimi nilibaki pale pale magotini hadi alipoingia ndani.

Siku tatu hakula chochote kilichopita mikononi mwangu. Alisema nami yale ya lazima tu: maji, mlango, kuni. Mume wangu alinikasirikia, kisha akanihurumia, kisha akawa hajui aseme nini na akawa anachelewa kurudi nyumbani kutoka kazini. Nililia jikoni. Niliwaza kurudi Lokandu kwa meli inayofuata. Nilikuwa nimeanza kukunja nguo zangu mbili tatu, asubuhi ya siku ya nne, nilipomsikia akiita kutoka uani kwa ile sauti yake ya stesheni.

"Mukaza mwana! Leta muchele!"

Nilitoka mbio. Alikuwa ameketi, mguu juu ya gunia, kinu kati ya magoti. Hakunitazama. Alianza kunionyesha. Chukua wali wa jana, kiasi cha konzi, uusage na maji vuguvugu. Funika, weka karibu na jiko, siku mbili. Ukinusa uchachu na kuona povu, hiyo ndiyo hamira yako. Na kila ukipika, bakiza kijiko kimoja cha unga kwa ajili ya kesho.

"Mama yangu alifanya hivi," alisema. "Hakuna malafu, hakuna Mugiriki."

Nikamwambia nimesikia.

"Nilikasirika sana," aliendelea, akiwa bado anatazama kinu. "Halafu nikafikiri. Mimi nilikuwa ninakula vitumbula ndani ya kitenge, na nilikudanganya wewe na mwanangu kila siku. Wewe ulishindwa kunidanganya hata mupaka jua kuzama." Akanisukumia mchi. "Twanga. Na usitie tangawizi nyingi, inaunguza ulimi."

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa kupika. Tulivirekebisha pamoja kwa wiki nyingi. Yeye ndiye aliyepunguza ndizi ikawa nusu, akaongeza karanga ili shibe ikae. Yeye ndiye aliyegundua kwamba makaa ya juu yakiwa mengi kuliko ya chini, vinapata ganda linalolia menoni kama la vile vya kukaanga. Limonadi aliiacha kwa shida zaidi. Nilimpikia mchaichai, nikaupoza katika mtungi, nikakamulia ndimu. Alikunywa akikunja uso, akasema hauna mapovu. Alikunywa hivyo hivyo, akilalamika, miaka yote.

Kabla ya mvua kurudi, kidonda kilianza kukauka pembeni. Kisha kikasinyaa. Sisemi kwamba vitumbula ndivyo vilivyomponya. Muuguzi alikuwa anamsafishia kila wiki, na kuna wengi waliofuata masharti yote na bado wakakatwa. Ninasema tu kwamba ngozi ilifunga, nyororo na yenye kung'aa, na kwamba siku tuliyokwenda kumwonyesha daktari, mkojo haukufika tena rangi ya tofali. Uliishia kijani, maana yake sukari ilikuwa imepungua. Muuguzi alishika kile kichupa kwenye mwanga wa dirisha akicheka peke yake. Mama mkwe alikuwa amembebea vitumbula vinne katika jani. Muuguzi alikula vitatu akiwa amesimama, akampelekea daktari cha nne. Daktari naye, tuliambiwa, aliuliza kama vimebaki.

Stesheni hatukufanikiwa sana. Abiria walitaka vile vyekundu vya mafuta, na mama mkwe aliendelea kuwakaangia, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kazi yake. Lakini pembeni tuliweka kikapu cha vile vya chungu, na wazee na wanawake wenye mimba wakaanza kuviulizia. Siku ya Idi alikula kitumbula kimoja cha mafuta, waziwazi, kwenye sahani, mbele yetu sote. Alikikata vipande vinne na kula polepole mpaka mume wangu akaanza kucheka. Siku hiyo hiyo aliniachia karai. Alisogea tu kwenye kigoda chake na kunipisha.

Nimepika maisha yangu yote baada ya hapo, na mengi niliyonayo nimeyapata kwa kupika. Kila ninapomshukuru mtu, namshukuru yeye kwanza: kwa mchele, kwa hasira yake ya siku tatu, na kwa kuwa aliimaliza.

Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, mama yangu alikuja kutoka Lokandu kunitazama. Meli ilitia nanga asubuhi. Mama mkwe alikataa kumngojea nyumbani. Alivaa kitenge chake kizuri, akatelemka mteremko wa bandarini kwa miguu yake yote miwili, taratibu, bila fimbo, nami nyuma yake na mtoto kifuani. Walisalimiana kwa muda mrefu, wakaulizana habari za watu ambao hawakuwajua. Kisha wakashikana mikono, wakapanda mteremko pamoja wakizungumza, wakanisahau kabisa.