Makochi ya Mgongo Wazi

Dada yangu ni fundi wa makochi, na hajawahi kumpelekea mteja kochi lililoshonwa likaisha. Mgongo anauacha wazi. Likifika nyumbani kwa mwenyewe, anamwambia atie mkono ndani, apapase mbao, springi na sponji mpaka aridhike. Hapo ndipo dada anapotoa sindano yake iliyopinda, akaketi sakafuni na kushona mbele ya macho yake. Mteja akikataa, kochi linarudi karakana na nusu ya bei aliyotanguliza anarudishiwa.

Hafanyi hivyo kwa mbwembwe. Alipokuwa kibarua kwenye karakana za watu aliona yanayoshindiliwa mle ndani: maboksi, viroba, vipande vya magodoro yaliyotupwa, kisha juu kitambaa cha kung'aa. Alipoanza kuuza mtandaoni, mimi nikiwa mpiga picha wake, kila mteja aliuliza swali lilelile: ndani kuna nini? Kuapa hakukusaidia, maana matapeli wa mtandaoni wanaapa vizuri kuliko sisi sote.

Mafundi wenzake mtaani hawakupenda, kwa sababu wateja wao nao walianza kudai kuchungulia. Mkubwa wao tunamwita Mwenyekiti, kwa kuwa hukaa kutwa nzima kwenye kiti ambacho hakuna aliyekinunua. Siku moja alikuja mlangoni kwetu.

"Fundi, unatuvua nguo hadharani."

"Mimi nafungua langu tu, Mwenyekiti. La kwako si umelishona?"

Wakamtungia jina la kejeli, Mgongo Wazi. Dada akalipokea kwa mikono miwili na kuniamuru niliandike juu kabisa ya ukurasa wetu.

Basi wakaungana. Kila mwenye simu akauripoti ukurasa ule kuwa ni wa matapeli, na asubuhi moja tukaamka tukakuta umefungwa. Picha zote na shukrani za wateja zilikwenda na maji. Nililia kwa hasira. Dada hakutoa hata chozi. Bado nafuta macho, simu ikaita. Alikuwa nesi wa mji wa mbali, aliyekwisha kutanguliza nusu ya bei.

"Nimeshalizwa, siyo? Ukurasa mmeufuta mkaingia mitini. Hamna hata aibu."

"Kochi linakuja, mama. Ukilikataa, nakurudishia hela yako."

Dada alisema hivyo kwa sauti kavu kabisa, na hela yenyewe tulishaimaliza kwenye mbao na sponji. Nesi akikataa, cherehani ingeuzwa, na bila cherehani hakuna karakana. Mama yetu akamsihi.

"Mwanangu, mara hii lishone kabisa. Mtu mwenye hasira unampaje tundu la kuchungulia?"

"Huyo ndiye hasa wa kumwonyesha, mama."

Tukalipakia kwenye lori, mgongo wake ukiwa wazi. Njiani mvua ikatukamata na turubai likavuja. Tulipofika jua lilikuwa limeshachomoza, na nesi amesimama uani, mikono kiunoni, majirani wamemzunguka tayari kwa shari. Dada hata salamu hakuirefusha.

"Tia mkono, mama."

Nesi akatia upande wa kushoto. Akapapasa muda mrefu, akagonga mbao, akaminya sponji. Uso ukaanza kulainika, hata akafungua pochi. Nikashusha pumzi. Kumbe dada naye ametia mkono upande wa kulia, na uso wake umebadilika.

"Funga pochi yako, mama. Huku kumelowa. Leo silishoni."

Nilimkanyaga mguu. Akauondoa, akaendelea kumtazama mteja wake.

"Kwani nani angejua?" nesi akauliza.

"Wewe, likianza kunuka. Na mimi ninajua tayari."

Akalivua kochi kitambaa palepale, akatoa sponji na kuzianika juani. Likabaki mifupa mitupu katikati ya ua. Majirani wakaangua kicheko. Mmoja akauliza kama siku hizi makochi huuzwa yakiwa maiti. Mimi nilitamani kujificha chini ya lori. Dada akawageukia, kifua mbele.

"Chekeni, lakini sogeeni. Atakayeona boksi au kiroba humu, kochi ni lake bure."

Walisogea. Walichungulia mpaka chini ya miguu ya kochi, wengine wamepiga magoti, na hakuna aliyepata kitu. Kicheko kikaisha chenyewe, wakaanza kuuliza ni mbao gani na hiyo sponji inapatikana wapi.

Tulilala kwa nesi. Kesho yake sponji zilikuwa kavu. Dada akazipanga upya, akavuta kitambaa, akamwita nesi atie mkono tena. Nesi akatia pande zote mbili, akaenda pembeni na simu yake. Dada akatunga uzi na kuanza kushona kutoka pembeni, kwa ukaidi uleule, kana kwamba jibu analo.

"Usishone kwanza, fundi," nesi akaita, simu bado iko sikioni. "Wenzangu wanatoka zamu sasa hivi, na wao wanataka kutia mkono kabla hawajaagiza ya kwao."

Dada akaulalia ule mgongo, akalia waziwazi mbele za watu. Kisha akaichomoa sindano.