Roketi ya 1957, anga ya Balambala na jina alilobandikwa habaryar wangu

Wakuu, salaam aleikum, na kwa wengine habari za jioni.

Nianze kwa kukiri. Kwa miaka mingi nimekana kwamba napenda roketi. Humu ndani nimejifanya mpita njia: naingia jukwaa la teknolojia, nasoma kila uzi mpaka mwisho, halafu nakwenda kuchangia kwenye mapishi. Nikikutwa na video ya roketi nasema mtoto ndiye aliyeiacha wazi. Mtoto mwenyewe yuko chuo kikuu, anasomea uhasibu, na roketi hazimhusu.

Mimi ni mama wa makamo, nilisomea fasihi, na naandika makala ambazo dada zangu huzisoma wakikumbushwa. Hesabu tuliachana kidato cha nne, na kila upande ulishukuru. Sasa mtu wa namna hiyo anaanzaje kusema hadharani kwamba alimwaga chai siku roketi ndefu kama ghorofa iliporudi kutoka juu ikadakwa na mikono ya chuma, kama baba anavyomdaka mtoto aliyemrusha?

Imebidi niseme, kwa sababu ya jambo lililotokea kwetu Garissa. Ni la kweli. Chumvi huwa naiweka kwenye makala, hapa sijaweka.

Iko hivi.

Nilikwenda mtaa wa Galbet kumuaga habaryar wangu, Habiba. Habaryar ni mama mdogo kwa Kisomali, na kwetu jina hilo linarudi: yeye naye huniita mimi habaryar. Alikuwa anajiandaa kwenda Hija. Umri wake ni sabini na kitu. Kitambulisho kinasema alizaliwa Januari mosi, kama nusu ya watu wa Garissa.

Mnajua kabla ya Hija mtu husafisha moyo. Anapita nyumba kwa nyumba, anapiga simu: nisamehe, nami nimekusamehe. Habaryar alikuwa amewamaliza wote, hata jirani ambaye walinuniana kwa sababu ya mbuzi aliyekula mkeka.

Alibakiza mmoja tu. Kaka yake.

Kaka yake ni Abti Hassan, mjomba wangu, mwalimu mstaafu anayeishi Bute, huko Wajir Kaskazini. Na kosa lake ni jina.

Kwa wasiowajua Wasomali: kila mtu kwetu ana jina la kubandikwa. Mwenye masikio makubwa ataitwa Masikio, na litaandikwa mpaka kwenye kadi ya harusi. Mtu hakasiriki. Jina likishakukaa limekukaa, na watoto wako wanalirithi.

Habaryar alibandikwa Beenley. Maana yake ni mwongo.

Amelibeba tangu utotoni. Duka lake ni kwa Beenley. Wanawe ni watoto wa Beenley. Akisema mvua imenyesha ng'ambo ya mto, watu hucheka kwanza, halafu ndipo huangalia mawingu. Nimeona kwa macho yangu wazee wakisuluhisha ugomvi uliotokea mbele ya mlango wake, wakaenda kumtafuta shahidi mwingine. Habaryar mwenyewe alikuwa amekaa pale pale, ameshika birika, anawamiminia chai.

Jina lilitoka wapi? Hii ni hadithi tuliyokua nayo, na kwetu ilikuwa ya kuchekesha.

Mwishoni mwa miaka ya hamsini familia ilikuwa imepiga kambi karibu na Balambala. Alfajiri moja, kabla ya swala, Habiba aliona nyota ikitoka upande mmoja wa mbingu, ikatembea, ikapita juu ya kambi, ikaenda kuzama upande wa pili. Tena ilikuwa inakonyeza: inawaka, inafifia, inawaka. Kulipokucha akamwambia kila mtu.

Sasa alfajiri hiyo aliyekuwa kwenye zamu ya kulinda zizi ni Hassan. Akaulizwa. Akasema alikuwa macho wakati wote na hakuna nyota iliyotembea. Habiba ni mwongo, akasema, na watoto wengine wakalidaka neno hilo hilo.

Bahati mbaya, alfajiri hiyo hiyo fisi alichukua ndama wa ngamia. Babu akamuuliza Hassan: ulikuwa macho? Nilikuwa macho. Fisi hukumwona? Sikumwona.

Babu akafikiri, akatoa hukumu ambayo ukoo mzima unaijua. Alisema kijana anayelala anaweza kuchapwa akaamka, lakini kijana aliye macho na haoni fisi hana dawa. Apelekwe shule ya serikali.

Msicheke. Zama hizo kwetu shule ilikuwa ya mtoto aliyeshindikana kwa ngamia. Januari Hassan akapelekwa Garissa mjini, akasoma, akawa mwalimu, akafundisha nusu ya watu wanaojua kusoma huko Bute. Habiba akabaki na mbuzi na jina.

Basi juzi alipompigia kaka yake simu ya kuombana radhi, alimwambia amemsamehe mengine yote. Jina tu ndilo bado. Wewe ndiye uliyelileta, alimwambia, ulitoe wewe, kwa mdomo wako, kabla sijaondoka.

Abti akajibu kwamba yeye ni mzee, anamwogopa Mungu, hawezi kushuhudia kitu ambacho hakukiona. Alikuwa macho. Amwombe jambo lingine lolote.

Simu ikakatwa hapo.

Nilipofika Galbet sanduku lilikuwa limefungwa, nguo nyeupe za Hija zimekunjwa juu yake, na mwenye safari alikuwa hali chakula. Binti yake aliniambia pembeni kwamba mama anasema ataahirisha. Hawezi kwenda kusimama mbele ya Mungu na kinyongo kifuani, na kinyongo hakitoki. Kwa umri ule, wakuu, kuahirisha Hija ni kuiacha.

Nami siku hiyo nilikuwa na tatizo langu la kijinga. Kulikuwa na roketi inarushwa, laivu, baada ya swala ya alasiri. Nikajikunyata kwenye kona ya sebule, simu nimeificha chini ya ushungi.

"Habaryar, unaficha nini huko?" akaniuliza.

Nilitaka kusema ni mtoto. Mtoto alikuwa Nairobi. Nikamwonyesha.

Aliisogeza simu karibu na macho. Roketi ikapanda, ikakatika vipande viwili, na kile cha chini kikageuka, kikarudi na moto wake, kikasimama wima. Akasema nirudishe. Nikarudisha. Akasema tena. Kisha akauliza kama wakishaishusha wanaitupa. Nikamwambia hapana, zamani walikuwa wanazitupa zote baharini, safari moja tu basi. Sasa wanaikagua, wanaijaza mafuta, inaenda tena.

"Kama aqal," akasema.

Aqal ni ile nyumba yetu ya kuhama. Wanawake huibomoa asubuhi, wanaifunga juu ya ngamia, jioni inasimama mahali pengine na hakuna fito iliyoachwa nyuma. Niliwaza mabishano yote tuliyofanya humu kuhusu roketi za kurudi, kama zinalipa au hazilipi. Mtu aliyewahi kufungasha nyumba juu ya ngamia hawezi kuelewa kwa nini mlikuwa mnabishana.

Halafu akauliza hizi zilianza lini.

Nikasema zamani, Warusi ndio walianza kufikisha kitu huko juu kikazunguka dunia. Mwaka 1957.

"Miezi gani?"

Oktoba, nikasema, na nyingine Novemba.

"Wakati wa deyr," akasema. Deyr ni mvua za vuli. "Na Abti yako aliingia shule Januari ya mwaka gani?"

Hilo halihitaji kutafutwa. Abti hulitaja kwenye kila harusi akipewa kipaza sauti. Hamsini na nane.

Wakuu, nilizima video.

Sasa kwa wale wa hesabu, mnisahihishe nikikosea. Ile satelaiti ya kwanza yenyewe ilikuwa mpira mdogo wa chuma, na kwa macho matupu si rahisi kuiona. Lakini mwili mkubwa wa roketi iliyoibeba nao ulibaki huko juu, ukawa unazunguka dunia nyuma yake. Huo ndio watu wengi duniani walioutazama alfajiri na magharibi wakidhani wanaona satelaiti. Na kwa kuwa ulikuwa unabiringika ovyo, mwanga wa jua uliupiga mara ubavuni, mara kichwani, kwa hiyo ulikuwa unawaka na kufifia.

Unakonyeza.

Mimi niliyesoma, miaka yote nilikuwa nasema nyota ya kutembea ningeweza kuimeza, lakini ya kukonyeza imezidi.

Siwezi kuapa kama aliona ya Oktoba au ya Novemba. Ile ya Novemba ilibeba mbwa. Hilo sikumwambia, mtu yuko mbioni kwenda Makka.

Alitaka kujua ilikuwa inatumia nini. Nikamwambia oksijeni iliyopozwa mpaka ikawa kimiminika, pamoja na mafuta ya taa.

"Mafuta ya taa? Haya ya kibatari?"

Yaliyosafishwa zaidi, nikasema, lakini ukoo ni huo huo. Alicheka mpaka akashika ubavu. Akauliza hizi za leo je. Nikamweleza kwamba nyingi mpya zinahamia kwenye methani, haiachi masizi kwenye injini, ndiyo maana injini inaweza kurudia kazi. Na methani inatoka wapi? Ardhini, nikasema, lakini hata kwenye kinyesi cha mifugo.

"Basi wametoka kwenye kibatari, wamefika kwenye mavi," akasema. "Wakikazana watatufikia."

Nisiwadanganye, tulikaa pale mpaka magharibi. Nilimwambia kwamba Garissa iko karibu kabisa na ikweta, na ukirusha roketi kuelekea mashariki kutoka ikweta, dunia yenyewe inakusukuma bure. Za zamani zingeangusha makopo yaliyoisha mafuta juu ya ngamia wa watu. Hizi zinazorudi zinaimaliza hiyo kesi kabla haijafika kwa chifu. Tukaongea juu ya zile paneli za sola nje ya mji, jinsi jua lililotuchoma miaka yote limeanza kulipa. Nikamweleza kuhusu wanaotaka kuunganisha viini vya atomi, wawashe jua dogo na kulishikilia kwa sumaku. Watu husema hilo linakaribia kila mwaka na halifiki. Mimi naamini litafika. Nimekulia mahali ambapo barabara ya lami nayo ilikuwa inakaribia kila mwaka, na siku moja nilipita juu yake.

Nikarekodi ujumbe wa sauti mrefu, nikamtumia Abti. Nilimweleza roketi, kubiringika, Oktoba, Januari yake mwenyewe. Nikaona ameusikiliza.

Hakujibu.

Siku iliyofuata hakujibu. Habaryar alikuwa haulizi, lakini kila simu yangu ikiita mkono wake unasimama. Nikajaribu kumfariji. Nikasema labda kaka yake alikuwa amelala tu alfajiri ile, watoto hulala.

Alinikatiza. "Sikukuuliza habari za usingizi. Nimekuuliza habari za nyota."

Kabla sijafika kwenye simu yenyewe, niseme nililojifunza, maana baada yake sitakuwa na la kuongeza.

Nimejifunza kwamba tunapoongelea roketi humu tunahesabu walioko kwenye vyumba vya kuongozea tu, wenye makoti na kompyuta. Lakini kitu kikipita angani kinapita juu ya watu wote, na mahali fulani kuna msichana wa mbuzi aliyeinua kichwa. Mimi nazipenda hizi mashine, sasa nasema wazi, na nazipenda zaidi tangu nijue mmoja wa watazamaji wake wa mwanzo yuko nyumbani kwetu. Wenye wazee walioishi miaka ile, iwe Mandera, Lamu au Singida, hebu waulizeni kama waliona nyota inayotembea, kisha mniandikie hapa chini. Na wataalamu wa mizingo, nisaidieni kujua ilipita Kenya siku zipi. Matusi kuhusu hesabu zangu nayo nayapokea.

Haya, simu.

Ilikuwa asubuhi ya safari. Gari lilikuwa nje, ndugu wamejaa uani, sanduku bado liko sebuleni na hakuna aliyethubutu kulibeba. Simu yangu ikaita. Abti.

Alinisalimia kwa urefu wote. Nikamwitikia. Akauliza watoto, akauliza afya, akaniambia Bute kumekauka lakini mawingu yapo. Kisha akakohoa kidogo.

"Abti," akasema, maana jina hilo nalo kwetu linarudi, "mpe Habiba."

Nilikuwa sijawahi kumsikia akilitaja jina hilo. Habaryar hasikii vizuri sikio moja, kwa hiyo niliweka spika, nikamshikia simu mbele ya uso. Watu wa uani walisogea mlangoni.

"Habiba," akasema Abti. "Nilikuwa nimelala."

Habaryar alikuwa anafunga kamba ya kiatu. Aliimaliza kwanza.

"Najua, walaal, kaka yangu," akasema. "Shuka uliyoamka umefunikwa nayo ilikuwa yangu."