Rimu za Yeseri, Mutu wa Haki

Ukimuuliza Yeseri Kule alikosea wapi, atakuambia bila kuona haya kwamba alikosea siku alipoanza kujisifu kwa maandishi. Kujisifu kwa mdomo alikuwa amezoea, na watu wa mji wa Kasese walikuwa wamemzoea pia. Alikuwa na yadi ya vyuma chakavu nyuma ya soko, mizani moja, mke aliyeijua mizani hiyo kuliko yeye, na suruali moja nzuri ambayo hakuivaa kazini. Alinunua masufuria yaliyotoboka, majembe yaliyolika na injini zilizokata roho, mpaka lori lijae liende Jinja vyuma vikayeyushwe.

Mwaka ule wa 2014 alikuwa anataka kitu kimoja tu, nacho ni kiwanja cha kanisa kule Bwera. Kilikuwa kando ya barabara ya kwenda mpakani Mpondwe, na siku za soko vyuma vya pande zote mbili vilipita hapo vikimtafuta mnunuzi. Angekipanga kile kiwanja, angekuwa na yadi mbili, na mtu mwenye yadi mbili hasalimiwi kama mwenye moja. Shida ni kwamba mpangaji wa kwanza wa kiwanja hicho naye alikuwa mtu wa vyuma, na alifukuzwa kwa kununua vitu vya wizi. Tangu hapo, ukimwambia mama wa Bwera kwamba unanunua chuma chakavu, kwanza anaingia jikoni kuhakikisha masufuria yake yapo. Kamati ya kanisa ilimwambia Yeseri itafikiria. Mama Alisi, mwenyekiti wa kamati, hakusema hata hilo. Alimtazama viatu, basi.

Kwa hiyo Yeseri alihitaji jina zuri, na alilihitaji kwa bei nafuu. Akaenda redioni kuuliza bei ya tangazo. Alipotajiwa, akadhani wanamuuzia kituo kizima. Akachapisha kalenda zenye picha yake, lakini siku ya kupigwa picha jua lilikuwa machoni, akatoka amekunja uso kama mtu anayetafutwa na polisi. Mkewe Ronah alifunika maharage kwa kalenda mojawapo, akasema panya hawasogei tena.

Aliyemwokoa, au aliyemponza, ni Sosthène, mchoraji wa mabango aliyetoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, akahamia Bwera, ambaye kila saluni na kila gereji ya pale ilikuwa na mkono wake.

"Papa Yeseri, unatafuta publicité ya redio ya nini na vyuma unavyo pale kwako?" Sosthène alimwambia. "Kila kanisa, kila école ya batoto ya huku, banapiga rimu ya gari sawa kengele. Ubapatie rimu za muzuri, mie nitaandika jina yako juu. Batakuwa nakusikia kila asubui, bure."

Yeseri alihuzunika kwamba wazo zuri namna ile halikuwa lake. Kufika jioni lilikuwa lake. Akataka rimu ziandikwe Yeseri Kule, mnunuzi mwaminifu wa vyuma, bei nzuri, hana maneno mengi, karibuni wote. Sosthène akamwambia rimu haiko gazeti. Wakapatana kwenye YESERI MUTU WA HAKI, kwa rangi nyeupe ya malori, ile isiyojua mvua wala jua.

Rimu zikagawiwa. Moja ilikwenda shule ya Bugoye, nyingine Kilembe, nyingine kanisa la Katunguru karibu na daraja. Ile kubwa kuliko zote, ya lori la magurudumu kumi, ilipelekwa kanisa la Bwera, ambako walikuwa wakigonga kipande cha bomba kilicholia kama kijiko. Mwalimu Ezironi, msomaji wa kanisa, aliigonga mara moja, akafumba macho, akatabasamu. Watu wakaanza kuleta vyuma kwa Yeseri kutoka mahali ambako hakuwahi kukanyaga. Huko Kilembe, mtoto aliyechelewa shule alijitetea kwamba hakusikia Yeseri. Yeseri alipoambiwa hayo alivimba kichwa wiki nzima. Ronah akamkumbusha kwamba katika wilaya yote hakuna mwanamume mwingine anayepigwa kwa chuma kila asubuhi akafurahi.

Kamati ikamwalika Bwera, Jumapili, baada ya ibada. Ijumaa Yeseri alisimama yadini mbele ya kioo cha gari bovu, akifanyia mazoezi hotuba yake juu ya uaminifu katika biashara. Alikuwa amefika mahali pa kunyoosha kidole juu wakati jamaa mmoja mwenye baiskeli alipoingia na gunia la vyuma vilivyojaa matope.

"Weka pale kwa mizani," Yeseri alimwambia bila kugeuka. Alipima gunia lilivyo, akalipa, akarudi kwenye kioo. Kidole kilikuwa hakijamridhisha.

Jumapili alifika Bwera na suruali yake nzuri, akakuta kanisa limenuna. Kengele haikulia asubuhi ile. Kwenye mti ilipotundikwa rimu ilibaki kamba tu, imekatwa. Watu walimtazama Yeseri kwa jicho ambalo mtu wa vyuma analijua hata gizani, kwamba huyu anatoa kwa mkono wa kulia na kuchukua kwa wa kushoto. Mtu mwenye akili angekaa chini. Yeseri akasimama.

"Mwizi ni mtu mubaya!" alisema, na kidole kikapanda kama kilivyofundishwa. "Lakini ule ananunua kitu ya kanisa ni mubaya kushinda mwizi! Akipatikana, jina yake isomwe hapa, mbele ya watu yote!"

Watu wakapiga makofi. Hata Mama Alisi aliitikia kwa kichwa. Kamati ikamwambia aje Jumamosi apewe jibu la kiwanja, na Yeseri akarudi Kasese akijiona ameshakizungushia ua.

Jumatano lori la Jinja lilikuja. Wapakiaji walikuwa wakirusha vyuma juu, dereva akipiga honi za haraka, wakati Ronah alipoipiga teke rimu moja nzito na tope likabanduka. Akainama. Akalisugua kwa kiganja.

"Yeseri, kuja uone," aliita. "Hapa iko mtu wa haki."

Yeseri akaja mbio, akaikalia ile rimu ili wapakiaji wasiione. Honi ikalia tena. Ilikuwa ni kuirusha tu juu ya lori, nayo ingekuwa misumari kabla ya mwezi kuisha, na kiwanja kingekuwa chake, na hakuna binadamu ambaye angejua. Alilifikiria jambo hilo kwa muda mrefu kuliko anavyopenda kukiri.

"Tupa basi," Ronah alimwambia. "Mimi siambii mtu. Lakini hapa nyumbani usiniletee tena maneno ya haki."

Lori likaondoka bila rimu. Msidhani alikuwa ameamua kusema ukweli. Aliamua kusema kwamba ameiokota kichakani. Alishachagua mpaka kichaka, kizuri, karibu na njia panda ya Kikorongo, na Jumamosi akaifunga rimu ndani ya gunia, akapanda bodaboda, akawa anakipamba kichaka chake njia nzima.

Kabla ya kufika Bwera kulikuwa na kizuizi cha askari.

"Simama! Shuka! Nini hiyo?"

"Ni mali ya kanisa, afande."

"Ya kanisa, na iko kwa gunia? Fungua!"

Yeseri akafungua. Askari akasoma herufi moja moja, midomo ikicheza.

"Wewe, jina?"

"Yeseri, afande."

Askari akaitazama rimu, akamtazama yeye, akaitazama rimu tena, kisha akamwita mwenzake. "Kuja uone! Leo nimepata mwizi anaandika jina yake kwa kitu ameiba!" Wakacheka mpaka bunduki zikatikisika mabegani. Halafu kicheko kikakatika. "Nani anakujua huko Bwera?"

"Kanisa, afande."

"Haya. Kanisa. Mbele!"

Hivyo ndivyo Yeseri alivyoingia kwenye uwanja wa kanisa, rimu begani, askari nyuma yake. Kamati ilikuwa imekaa kwenye mabenchi nje, akina mama wakifagia. Mwalimu Ezironi akanyanyuka, mikono juu.

"Yeseri amepata kengele! Ameenda na afande, wamekamata mwizi!"

Vigelegele vikapasuka. Mama mmoja akaacha ufagio akacheza. Askari akafungua mdomo, akaufunga, maana hata yeye alianza kuiamini habari hiyo. Na Yeseri, ambaye alikuja na kichaka chake kidogo cha kujitengenezea, akaona amepewa hadithi kubwa kuliko ile, ya bure, na haikumtaka aongeze hata neno. Kukaa kimya tu kungetosha. Kiwanja kilikuwa pale pale, hatua chache, majani yake yamefyekwa.

Mama Alisi peke yake hakupiga kigelegele. Alikuwa anamtazama, na safari hii si viatu.

"Ni mimi nilinunua," Yeseri alisema.

"Anasema nini?"

"Ni mimi nilinunua, mama!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Ilikuwa ndani ya gunia, na matope. Sikuangalia. Nilikuwa... nilikuwa nafanya mazoezi ya ile hotuba."

Kisha yule mama wa ufagio akaanza kucheka, akajaribu kujizuia, akashindwa, na uwanja mzima ukamfuata. Yeseri alisimama na rimu begani, masikio yakimwaka moto. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayomfanya mtu atamani kuwa na jina lingine.

Askari alimuuliza Yeseri sura ya yule jamaa wa baiskeli, akaiandika, akaondoka akitikisa kichwa. Kamati ikajitenga kando. Wakaongea Lhukonzo, lugha ya kwao, kwa sauti ya chini, wakaongea sana, na mara mbili mtu alinyoosha kidole juu, wakacheka upya. Halafu Mama Alisi akaja peke yake.

"Ule wa vyuma alikuwa hapa kabla yako," alisema, "alinunua kengele yetu mara mbili. Mara mbili tukakuta kwake imekatwa vipande. Hakuna siku alirudisha." Akaonyesha kiwanja kwa kidevu. "Kiwanja chukua."

Yeseri alitaka kushukuru, kidole kikaanza kupanda chenyewe, akakirudisha chini.

"Lakini hii kitu umeandika hapa," Mama Alisi akaendelea, akiigusa rimu, "jina yako acha. Hiyo ingine yote futa. Tutaandika sisi wenyewe, siku tutaiona hiyo haki."

Akapewa kisu cha jikoni. Akaketi kwenye majani ya kiwanja chake kipya, suruali nzuri ikichafuka, akaanza kukwangua. Hapo ndipo alipojua Sosthène ni fundi, maana rangi ile ilishikilia kama deni, na kwa mara ya kwanza akajuta kumtafuta mchoraji mzuri. Watu wa soko walipita wakimpa pole, na wengine wakasimama kuangalia. Kufika jua kushuka, MUTU ilikuwa imetoka, na WA imetoka, lakini HAKI ilikuwa bado inasomeka kidogo. Mama Alisi akaja, akainama, akaitazama, akamwambia aendelee.