Gari la Viti Viwili na Mama Mkwe

Kuna aibu mtu anaificha mpaka anaingia nayo kaburini, lakini hii yangu iliyoonwa Kawangware nzima mchana kweupe sina namna ya kuificha, na bora mnisikie mimi mwenyewe kuliko kumsikia Otieno, maana yeye kila mwaka anaiongezea chumvi (juzi alisema nilikuwa uchi, sikuwa uchi, nilikuwa na shati na tai). Na msinihurumie. Siku ile mimi naishukuru mpaka leo, na mtaona kwa nini.

Miaka ya tisini nilikuwa fundi wa magari Kawangware, tunafanya kazi kando ya barabara mimi na Otieno na wenzetu wengine, na nyumbani kwangu ni Kibera, Kianda, chumba kimoja, mke wangu Nasimiyu na mtoto wetu wa kwanza ambaye alikuwa bado ananyonya. Sasa kulikuwa na mteja mmoja, mzee mpole tukimwita Daktari (wa nini sijui, sikuwahi kuuliza), ambaye alikuwa na kagari ka zamani ka mashindano, kekundu, boneti ndefu, viti viwili tu, kalikokaa miaka chini ya miti kwake Lavington kabla hajaamua kukafufua. Kagari kalikuwa kazuri, lakini kanavuja oili. Nikabadilisha sili ya kreki, ile pete ya mpira inayozuia oili isitoke pale mhimili wa kreki unapotokeza mbele ya injini, kakatulia kidogo, kakaanza tena. Nikaweka sili nyingine. Nikaweka nyingine, na gasketi ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, juu yake, na bado ukiinama asubuhi unakuta kidimbwi, leo mbele, kesho nyuma, mpaka nikaanza kuamini kananichukia.

Ikabaki njia moja. Unaosha injini, unaiacha ikauke kabisa, unainyunyizia poda kila mahali, halafu unaendesha mwendo wa kutosha, na ukifungua boneti, pale poda ilipolowa ndipo ugonjwa ulipo. Poda sikuwa nayo. Unga wa ngano nilikuwa nao, au tuseme Nasimiyu alikuwa nao.

Wakati huohuo tulikuwa na mgeni, mama mkwe, aliyetoka Bungoma kuja kumwona mjukuu wake, na ilikuwa mara yake ya kwanza kukanyaga kwangu. Baba mkwe hakunitaka tangu mwanzo, alisema mtu anayeshinda amelala chini ya magari ya watu hawezi kumtunza binti yake, na mama alikuwa amembembeleza sana ndipo akaruhusiwa kuja. Kwetu mkwe na mama mkwe hawapeani mikono, hawali pamoja, hawaangaliani usoni, wakikutana njiani mmoja anaingia kwenye majani. Chumba ni kimoja, kwa hiyo wiki nzima nililala kwa Otieno. Nasimiyu alinishika mkono siku ya mwisho, akaniambia, "Wafula, mama akitoka hapa na aibu, baba hatamwachilia tena. Tafadhali." Nikamwambia asijali, na nilikuwa nimemaanisha.

Siku hiyo mama alikuwa anaenda kulala kwa dada yake Kawangware ili kesho yake apande basi la kwenda nyumbani. Matatu zikagoma. Na mimi nilikuwa nimekuja na kagari Kianda, injini imeoshwa, imekauka, imepakwa unga wa Nasimiyu, inangoja kuendeshwa. Nikajiambia, si naenda Kawangware hata hivyo, nimpeleke mama. Uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo namna hiyo, hata chai sikuwa nimemaliza.

Shida ni kwamba ndani ya kale kagari magoti ya abiria na mkono wa dereva ni majirani. Nasimiyu akaleta leso yake ya kujifunga, akaifunga kwenye kioo cha katikati mpaka nyuma ya viti, ikawa ukuta. Mimi nikavaa suruali ya suti ya harusi yangu na tai, kwa heshima. Mama akaingia upande wake na begi na kuku aliyekuwa anampelekea dada yake, tukaondoka. Sasa kwa kawaida mama mkwe akiwa na neno kwako anapitia kwa mtoto, lakini mtoto alibaki na mama yake, nafasi haikuwepo. Basi mama akapitia kwa kuku.

"Kuku," nikasikia ng'ambo ya leso tulipoingia Ngong Road, "hii gari inakimbia sana."

"Kuku, mwambie mama nitapunguza."

Tukaenda vizuri mpaka karibu na Dagoretti Corner. Nilichosahau ni kwamba gari la umri ule lina matundu kati ya injini na miguu ya abiria, vizibo vyake vilishaoza, na upepo ukishika kasi, kilichoko kwa injini kinaingia ndani.

"Kuku, huku kuna vumbi."

"Kuku, mwambie mama ni unga tu."

Halafu, kwa upole, "Kuku, muulize unga unafanya nini kwa injini."

Basi nikaanza kumweleza kuku habari za sili na gasketi, huku tai yangu inageuka nyeupe, mama anapiga chafya, na kuku mwenyewe amefumba macho (leso ilikuwa imelegea, nilimwona).

Tulipofika Kawangware, karibu kabisa na pale tunapofanyia kazi, oili ikaanza kudondokea ekzosi, lile bomba la moshi, nalo lina moto. Moshi ukatoka kwenye boneti, ukachanganyika na unga, na watu wakasikika, "Gari inaungua! Toeni huyo mama!" Nikasimamisha, nikafungua boneti, na kabla sijasema neno Otieno alikuwa amefika mbio na ndoo ya maji. Nikamwambia, "Wacha, Otieno, si moto." Akamwaga. Unga, maji, injini ya moto, mnajua wenyewe kinachopikika hapo. Harufu ya chapati ikaenea mpaka kwa wauza mboga, na mama mmoja akauliza kwa sauti kama siku hizi tumefungua hoteli.

Umati ulikuwa umeshajaa. Mama mkwe alikuwa ametoka, mweupe kuanzia kitambaa cha kichwa hadi viatu, kuku kwapani, amesimama peke yake katikati ya watu wanaocheka. Mimi sikuweza kumtazama kwa desturi, na kwa aibu pia, nikaona heri nijitie kazi, nikalala chini nikajisukuma chini ya gari. Suruali ikanasa kwenye bolti. Nikavuta. Nikasikia ikipasuka kutoka kiunoni mpaka gotini, upande wa nyuma, na nusu yangu ya chini bado ilikuwa nje, imeelekea alikosimama mama wa mke wangu.

Jamani, kwetu hilo si jambo la kucheka. Nikaganda. Umati ukaangua kicheko na Otieno akaita, "Wafula, toka bana, unajificha nini?"

"Sitoki."

"Utakaa huko mpaka lini?"

"We niache tu."

Nikamfikiria Nasimiyu na ile tafadhali yake, nikajua mama hatarudi tena, na mimi ndiye nitakayempelekea habari. Kisha nikasikia kitambaa kinashuka miguuni mwangu, polepole, kinanifunika mpaka visigino. Otieno aliniambia baadaye kwamba mama aliifungua ile leso kutoka kwa gari, akaja kinyumenyume ili asinione, akanifunika kwa kupapasa. Halafu akawageukia watu. "Nyinyi hamna kwenu? Mtu anafanya kazi yake." Kicheko kikakatika. Nililia chini ya lile gari, siwafichi, nikajisingizia oili imeniingia machoni.

Na kwa kuwa sikuwa na ujasiri wa kutoka, nikabaki pale nikitazama, kwa muda ambao sikuwahi kuupa ule ugonjwa hata siku moja. Mbele pamelowa oili, nyuma pamelowa oili. Halafu nikaona bomba la kupumulia. Injini ikifanya kazi inajaa pumzi ndani, na pumzi hiyo hutoka kwa bomba linaloshuka upande wa chini. Mdomoni mwa bomba lile, ambako maji ya Otieno hayakufika, unga ulikuwa umekaa vilevile nilivyouweka asubuhi, mkavu, mweupe. Bomba linalopumua haliwezi kubaki na unga mdomoni. Nikatoa waya mfukoni (mfuko huo ulikuwa umepona), nikachokoa, ukanidondokea usoni udongo mkavu na mabawa ya nyigu. Nyigu walikuwa wamejenga humo miaka ile gari lilipolala chini ya miti. Injini imezibwa pua, pumzi inatafuta pa kutokea, inasukuma kila sili ninayoweka, na mimi nalaumu sili.

Nikatoka nimejifunga leso kiunoni, wakacheka upya, sikujali. Nikamwambia Otieno awashe. Bomba likapumua, na matone yakapungua huku tunatazama. Nikainamisha kichwa ili nisikutane na macho ya mama.

"Wafula," akasema. Hakupitia kwa yeyote. "Umeiona shida?"

"Nimeiona, mama."

"Haya, nipeleke kwa dada yangu. Ataanza kuhangaika."

Akapanda, akakaa kando yangu bila pazia, tukaenda mpaka mlangoni kwa dada yake. Niliweka sili moja ya mwisho, na Daktari aliendesha kagari kake miaka bila tone. Lakini wiki zile mimi sikuwa nawaza kagari. Desturi tulikuwa tumeivunja, kwa hiyo nikatuma blanketi kwa mama kupitia shemeji yangu, kama inavyotakiwa, nikangoja kusikia nyumbani kwao wamesema nini. Halikuja neno. Nasimiyu naye hakuniuliza, na hilo liliniuma zaidi.

Tangu hapo nimeapa mambo mawili, na sijayavunja: gari likivuja, kwanza naangalia kama linapumua, na mkwe hapandi gari la mteja hata matatu zigome mwaka mzima. Asante yangu kwa mama nimeisema mara nyingi, nikiwa nimeangalia pembeni, na yeye huitikia akiwa ameangalia pembeni. Maana alirudi. Ilikuwa baada ya mavuno, Nasimiyu alifungua mlango akamkuta mama yake amesimama na gunia la mahindi, na aliyekuwa amelibeba hilo gunia ni baba.