Mstari Usionihesabu

Cheka ukitaka, hata mke wangu alicheka. Lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa Bondeni, mchana kweupe, na sijaongeza chumvi. Natamani ningekuwa mwongo.

Nina kibanda cha kutengeneza laptop kuukuu. Mashine ikichoka, naiondolea mfumo mzito na kuiwekea mwepesi, kisha juu ya skrini naipa mstari mwembamba wa kuonyesha saa, chaji na intaneti. Mstari huo unaupanga kwa kuandika faili, neno kwa neno. Na sisi wa kazi hii tuna tabia moja: ukiona wa mwenzako umependeza, unaomba faili lake, unalibandika kwako, basi. Nani ana muda wa kulisoma lote?

Siku hiyo mvua ilikuwa inamwagika. Akaingia jamaa nisiyemjua, koti limelowa, laptop ameikumbatia kifuani.

"Niaje boss. Naomba kuchaji kidogo tu."

"Poa. Keti hapo."

Mlango wa pili kuna Mama Shiro, muuza chai. Yeye hachukui oda. Huchungulia, huhesabu vichwa, kisha huleta vikombe. Siku hiyo akaleta kimoja.

"Mathe, na mgeni je?"

Akashtuka. "Ai! Pole, sikukuona hata kidogo."

Jamaa hakukasirika. Aliinamisha kichwa tu, kama mtu aliyezoea.

Alipowasha mashine yake, niamini, sijawahi kuona mstari mzuri namna ile. Rangi zimetulia, kila kitu mahali pake. Mwishoni kulikuwa na alama ndogo ya mtu, na kando yake namba: 1.

"Hii nayo ni ya nini?"

"Inahesabu watu walio karibu na mashine."

Nikacheka. "Basi imekosea. Si tuko wawili?"

"Imekataa kunihesabu mimi," akasema polepole. "Labda wewe itakukubali. Unaitaka?"

Mwenye akili angeuliza maswali. Mimi nilimpa flashi. Nikanakili, nikabandika, sikusoma hata neno moja. Mstari ukatokea kwenye skrini yangu, na namba ikawa ile ile, 1. Papo hapo Mama Shiro akapaza sauti kutoka mlangoni pake: "Wewe wa koti, kuja unywe chai, utashikwa na homa!" Alikuwa anamwita yule jamaa. Naye akaanza kulia. Mtu mzima analia kwa sababu ya chai! Akachukua laptop yake, akatoka mvuani bila kuaga.

Nikatazama skrini. Sifuri.

Nilidhani ni hitilafu. Nikafungua faili, nikabadilisha hiki, nikafuta kile, nikazima, nikawasha. Mteja akiingia, moja. Akitoka, sifuri. Jioni nikaibeba mashine hadi nyumbani, nikamkuta mke wangu Nafula akisonga ugali. Moja. Nikaiacha hapo mbele yake, nikatoka hadi nje ya geti, nikampigia simu.

"Hebu soma hapo juu. Inasema ngapi?"

"Moja. Kwani leo una nini wewe?"

Nikarudi ndani, nikaketi karibu naye, goti kwa goti. Bado moja. Sikufichi, niliogopa hata kumshika mkono.

Usiku huo nilifuta kila kitu, nikaweka mfumo upya. Mstari ukaondoka, lakini mambo hayakurudi yalivyokuwa. Siku hizi Mama Shiro anapita na birika lake bila kusimama. Kanisani kikapu cha sadaka kinaniruka. Hilo, nakiri, mwanzoni lilinifurahisha. Lakini jana nilirudi nyumbani nikakuta Nafula amepika ugali wa mtu mmoja, ameula, ameosha sahani. Nilisimama mbele yake muda mrefu kabla hajapiga yowe: "Woi! Kumbe uko!" Tulilia wote wawili. Ananipenda, najua. Sijui atanikumbuka hadi lini.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku ile aliyepona alikuwa mgeni. Simlaumu tena. Nimeshaelewa kwa nini alinipa bure.

Faili bado liko kwenye flashi. Leo asubuhi nimeurudisha ule mstari kwenye mashine yangu, na skrini nimeigeuza itazame mlango. Unapendeza kweli. Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, nakuonya mapema, nikiwa bado nina utu: mvua ikikukuta Bondeni, ukajikinga kwenye kibanda cha laptop, usisifu unachokiona kwenye skrini. Kunywa chai yako, uende. Ukiniomba faili hilo, sina hakika kama nitaweza kukunyima.