Waifai Ndani ya Sefu

Nkwabi wa Runzewe, mwenye kalasha la kusaga mawe ya dhahabu, alizaliwa na kufuli mkononi. Choo kufuli, pipa la maji kufuli, hata jogoo wake alilala kama mahabusu. Sebuleni alikuwa na sefu la chuma. Kila mgeni aliambiwa apite taratibu, dhahabu imelala.

Alipofungiwa waifai, hakupata usingizi. Simu za majirani si zitainywa yote? Akalitoboa sefu kitundu cha waya, akakitia ndani kile kidude cha kurusha waifai, akafunga, ufunguo akauvaa shingoni kama rozari.

Ndipo wakwe watarajiwa wa Mhunze wakataka kuwaona ng'ombe wa mahari kwa simu ya video. Wasipowaona leo leo, binti yao Asteria anaolewa na mwingine, na Enock, mtoto wa Nkwabi, abaki akijipikia ugali. Na pale bondeni mtandao wa mnara husinzia.

"Baba Enock, jina la waifai yako silioni," mkewe Apolonia akasema.

"Tafuta vizuri! Ile ni ya bei mbaya."

Bei mbaya, akili nzuri ziko wapi? Kidude kile hujitangaza jina hewani. Simu ikilisikia, hubisha hodi, huulizwa neno la siri, likilingana hupewa namba yake, inakaribishwa. Hata aliyeishia darasa la tano anajua. Sasa ndani ya chuma kinene hivyo, kijitangaze kwa nani? Kwa kutu?

"Fungua sefu," Apolonia akasema.

"Mbele ya watu?"

"Basi mwanao asioe."

Nkwabi akafungua. Simu ikanasa hapo hapo, uso wa mzee Mabula wa Mhunze ukajaa kwenye kioo.

"Mwadila, Nkwabi! Hilo nyuma yako ni nini? Mbona tupu?"

Kweli tupu. Vitaa vya kijani tu vinakonyeza. Nkwabi akausukuma mlango ufungike, Mabula akaganda mdomo wazi. Akaufungua, Mabula akarudi.

"Ni… ni nyumba ya waifai, mzee."

"Lo! Na ng'ombe nao wako kwenye kabati?"

Apolonia akaipeleka simu zizini. Ng'ombe walikuwapo, wanono, na Mabula akaridhika. Mlango wa sefu, mzito, ulikuwa unajirudi kufunga, hivyo Nkwabi akauzuia kwa mgongo mpaka mazungumzo yakaisha, majirani wamejazana dirishani wakilikagua lile sefu lake tupu.